Binti Aliyezinduliwa

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, maana nchi za namna ile hazifi upesi kama wabaya wake wanavyotabiri. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu lilibadilishwa mwezi uliopita na jipya bado halijazinduliwa. Na huko, jamani, kitu kisichozinduliwa hakipo. Kisima kinaweza kutoa maji miaka mitatu, watu wakanywa, ng'ombe wakanywa, lakini kama kiongozi hajakikatia utepe, kwenye vitabu vya serikali wote wale wana kiu. Kilichozinduliwa, kwa upande wake, kipo milele. Liko daraja kule lilisombwa na mafuriko siku nne baada ya utepe kukatwa, na mpaka leo kila Desemba linapakwa rangi mpya kwenye ripoti.

Huko, katika Shule ya Msingi Tumaini la Tatu (Tumaini la Kwanza liliangushwa na mvua, la Pili na upepo wa kawaida tu), alikuwa akisoma binti wa darasa la saba aitwaye Zaituni. Miaka kumi na tatu, mrefu, mwembamba, mwepesi wa hesabu. Tangu darasa la pili hakuna aliyewahi kumtoa nafasi ya kwanza. Alikuwa na haja moja duniani: afaulu mtihani wa darasa la saba, avuke mto aende sekondari, asome mpaka awe daktari wa meno. Msicheke. Pale kijijini meno yaling'olewa na fundi baiskeli, kwa koleo lile lile la spoku, na mama yake Zaituni, Bi Mwantumu mshona nguo, alishapoteza manne kwa mtindo huo, mawili kati yake yakiwa mazima kabisa.

"Nitakung'oa mimi, mama," Zaituni alikuwa akimwambia. "Kwa ganzi. Na nitang'oa linalouma."

Bi Mwantumu hucheka kwa kuziba mdomo, kisha huendelea kukanyaga cherehani yake.

Basi mwaka ule Wizara ikashtuka. Ilisikia kwamba kuna upungufu wa walimu, na kwa kuwa ni wizara sikivu, ikataka ripoti. Sasa ripoti ya elimu ataiandika nani kama si walimu? Wakapakiwa kwenye malori nchi nzima, chaki zingali mifukoni, wakapelekwa makao makuu kuandika Ripoti ya Upungufu wa Walimu. Kila shule ikabakiziwa Mwalimu Mkuu, wa kupiga kengele. Walipofika huko wakakuta upungufu umezidi ghafla kuliko ilivyodhaniwa, ikabidi ripoti irefushwe.

*

Waziri wa Elimu wakati huo alikuwa Mheshimiwa Makeke, mtu wa kifua mbele, ambaye hata salamu alizitoa kwa awamu. Akaitisha mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi! Mwalimu ni nini? Suala hili wataalamu wetu wamelichambua katika semina elekezi ya siku tisa, kando ya ziwa, na wamebaini ya kwamba mwalimu ni mtu aliye mrefu kuliko mwanafunzi." Makofi. "Nauliza sasa: darasa la saba si warefu kuliko darasa la kwanza?" Makofi na vigelegele. "Nani basi kasema hatuna walimu? Walimu tunao tele, tumewakalisha kwenye madawati wanasoma!"

Hapo ndipo ulipozaliwa Mpango wa Mkubwa Amfunze Mdogo. Darasa la saba lifunze la kwanza, la sita lifunze la pili, la tano lifunze la tatu. La nne, kwa kuwa liko katikati, lijifunze lenyewe. Na uzinduzi ukapangwa ufanyike Tumaini la Tatu, kwa sababu ndiyo shule iliyokuwa karibu na barabara.

Siku ilipofika, Afisa Itifaki alitangulia na utepe wake mwekundu, akazunguka shule mara mbili, jasho likaanza kumtoka. Hapakuwa na kitu cha kufunga utepe. Jengo jipya halikuwepo. Mlango wa darasa ulikuwa shimo tu lisilo na mbao.

"Mwalimu Mkuu," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "Mheshimiwa atakata nini?"

Mwalimu Mkuu, Bwana Hizza, alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwahi katika maisha yake kumwambia mkubwa neno hapana. Akatazama huku, akatazama kule. Afisa akamwona Zaituni mbele ya mstari, amewapita wenzake kwa kichwa kizima.

"Wewe binti mrefu. Hebu njoo."

Utepe ukazungushwa kiunoni mwake, fundo likakaa mbele. Mheshimiwa Makeke akashuka garini, akapewa mkasi, akamkata Zaituni utepe huku bendi ya polisi ikipiga. Mkasi ulikuwa butu, ukaondoka na kipande cha sare. Bi Mwantumu alipiga vigelegele mpaka kikohozi kikamshika. "Mwanangu kazinduliwa!" aliwaambia wanawake wenzake, na machozi yalimtoka kwa furaha. Alikuwa hajui, maskini, kama tusivyojua wengi wetu siku tunapopiga vigelegele.

Bendi ilipoondoka, akabaki Afisa Ugavi na kopo la rangi nyeupe.

"Geuka," akamwambia Zaituni. Akamwandika mgongoni, juu ya sare, kama madawati yanavyoandikwa: MALI YA UMMA 0417. "Mpaka ikauke usiegemee ukuta."

Wenzake arubaini na wawili wa darasa la saba hawakuandikwa kitu, maana utepe ulikuwa mmoja.

*

Watoto wa darasa la kwanza walikuwa mia moja arubaini na watatu. Wenzake Zaituni walifunza wiki moja, wengine wakipigia kelele dirishani, wengine wakiwachapa kwa fimbo, halafu wakarudi kujisomea, kwani nani angewafuata? Zaituni hakurudi. Kwanza namba ilikuwa mgongoni mwake. Pili, na hili ndilo lililomponza, aliwaonea watoto huruma. Akaokota vizibo vya soda dukani vya kuhesabia. Akatafuta mkaa wa kuandikia ukutani chaki zilipokwisha. Kutwa nzima sauti zao zilisikika mpaka sokoni: ba, be, bi, bo, bu.

Kati yao alikuwepo kitoto kiitwacho Tunu, miaka sita, kilichokuwa kikilia tangu asubuhi mpaka mchana, kila siku, wiki mbili. Hakikuwa kinaumwa, hakikupigwa. Kilikuwa kinalia tu. Zaituni akakiweka nyuma yake, akakipa pindo la sketi kishike, akaendelea kufundisha huku akikiburuta. Hapo kikanyamaza.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, kutoka nyuma yake akasikia sauti nyembamba inasoma pole pole: "Ma-li... ya... U-m-ma."

Zaituni aligeuka, akamnyanyua Tunu juu, akamzungusha, darasa zima likapiga makofi. Ni baadaye tu, njiani kwenda nyumbani, ndipo alipofikiri ni maneno gani yale aliyoanza nayo yule mtoto.

Mwaka ulipokwisha, watoto wote mia moja arubaini na watatu walikuwa wanasoma. Jambo hilo halikuandikwa popote, kwani fomu ya Wizara haikuwa na nafasi ya kusoma. Ilikuwa na nafasi ya idadi ya wageni waliohudhuria uzinduzi.

*

Orodha ya watahiniwa wa darasa la saba ilibandikwa siku ya Alhamisi. Zaituni aliisoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Majina yalikuwa arubaini na mawili. Akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, shikamoo. Jina langu limesahauliwa."

"Marahaba, binti yangu. Halikusahauliwa." Bwana Hizza alivua miwani, akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mtihani ni wa wanafunzi. Wewe umetolewa kwenye daftari la wanafunzi."

"Basi mimi ni mwalimu?"

"Mwalimu ana cheti, mama. Wewe huna."

"Basi mimi ni nani, Mwalimu?"

Mzee akaivaa tena miwani yake. "Wewe ni mradi," alisema, akainamisha uso mezani.

Asiyekuwepo na lake halipo, wamesema wahenga. Lakini Zaituni alikuwepo, amesimama pale pale, na lake ndilo lililokuwa halipo. Kesho yake Bi Mwantumu akajitanda khanga yake mpya, wakaenda wilayani wawili, kwa miguu, wakiwa na viazi vya kuchemsha njiani. Afisa Elimu aliwapokea vizuri sana. Akawapa viti, akauliza habari za kilimo.

"Mama, hebu nikueleweshe taratibu," alisema. "Mtoto akifanya mtihani, kwa akili zake hizi, atafaulu. Kweli si kweli?"

"Kweli, baba."

"Akifaulu ataondoka. Akiondoka, mradi umekufa. Sasa mradi aliouzindua Mheshimiwa Waziri ukifia mikononi mwangu, mimi nitakula wapi, na hawa wanangu?" Akaonyesha picha ya watoto wake ukutani. "Tena huu ni mradi endelevu. Endelevu maana yake hauishi."

"Lakini ni mtoto, baba. Nimemzaa mimi."

"Na taifa linakushukuru, mama. Lete barua ya Waziri ya kumfutia uzinduzi, namwandika leo leo."

Wakaandika barua, wakaipeleka posta. Baada ya miezi minne likaja jibu lenye mihuri mitano: *Barua yako imepokelewa na inaendelea kupokelewa.* Mtihani ulikuwa umeshapita. Siku ile ya mtihani Zaituni alikuwa chumba cha pili, anafundisha watoto kuhesabu vizibo kwa kunong'ona, wasije wakawasumbua wenzake waliokuwa wakiandika.

Usiku ule alimwambia mama yake, "Mwaka kesho," na Bi Mwantumu akasema, "Inshallah, mwanangu." Walisema hivyo mwaka uliofuata pia. Mwaka wa tatu hawakusema.

*

Ukienda nchi ile leo utaikuta picha yake kwenye kalenda ya Wizara, ana miaka kumi na tatu, utepe kiunoni. Picha hiyo nayo ilimtia mashakani, kwa kuwa waraka ulitoka ukisema mradi usibadilike mwonekano. Kichwa kinyolewe vile vile. Sare iwe ile ile. Bi Mwantumu aliifumua na kuiongeza kitambaa pembeni mwaka wa pili, na mwaka wa nne, na wa tano, na kila mara Afisa Ugavi alikuja kukolezea rangi mgongoni. Mawaziri walikuja na kwenda, na kila mpya alikuja kumzindua upya. Wengine walimkata utepe bila kumtazama usoni.

Wenzake waliovuka mto walikuwa wakirudi Ijumaa na sketi zao za buluu. Walipomwona mlangoni na watoto wake walimwamkia kwa utani, "Shikamoo, Mwalimu!" naye akawaitikia kwa utani, marahaba, marahaba. Wakishapita alikuwa akiingia ndani na kukaa kidogo peke yake. Mwenzao mmoja alishaanza kusomea meno. Zaituni alipopata habari hiyo alisema vizuri, Mungu amjalie, na alisema kwa moyo mmoja, lakini chakula cha siku ile alikirudisha chunguni.

Mwanzoni alikuwa akijisomea. Halafu kitabu cha darasa la saba kikachukuliwa, maana kwa mujibu wa orodha mradi wa darasa la kwanza unastahili kitabu cha darasa la kwanza. Akajisomea kwa kukumbuka. Lakini ubongo nao ni shamba. Mtu anayepanda ba be bi bo bu kutwa, siku mia mbili kwa mwaka, kwa watoto mia na zaidi, atavuna hizo hizo. Na huku nyuma mitaala ilikuwa ikibadilishwa, kwa kuwa waziri asiyebadilisha mtaala ataonekana alikuja kufanya nini? Zaituni alisoma nchi yenye mikoa tisa. Ikawa ishirini na miwili, kila mkubwa akitaka kwao pawe mkoa. Wakagombana, ikarudi kumi na minne, na milima miwili ikafutwa. Wafalme waliokuwa wasaliti wakawa mashujaa. Hakuna aliyemwambia.

*

Miaka sita ilipotimia wakaja wageni wafadhili, watu watatu wenye kofia pana, waliokuwa wametoa msaada wa ile rangi nyeupe. Mheshimiwa Makeke alikuwa amerudishwa tena Wizarani, akawaonyesha Zaituni. Mgeni mmoja, mwanamke, akauliza, "Na yeye mwenyewe amefika wapi?"

Swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa. Wasaidizi walianza kupekua mafaili. Lakini Mheshimiwa hakuwa mtu wa kukwama.

"Ahaa! Mmeuliza wakati muafaka. Tunaingia Awamu ya Pili: Mradi Wajipima! Binti huyu mwezi ujao atakaa mtihani wa darasa la saba. Akifaulu, avuke mto, aende zake na baraka za taifa. Asipofaulu, ataendelea kutulelea watoto mpaka upimaji mwingine, baada ya miaka sita."

Bi Mwantumu safari hii hakupiga vigelegele. Aliingia ndani, akatoa kitambaa cha buluu ambacho hakuna aliyejua kwamba anacho, akakaa kwenye cherehani na kuanza kushona sketi. Zaituni alisimama nyuma yake akitazama sindano inavyokwenda.

"Mama, usishone kwanza."

"Niache," alisema Bi Mwantumu. "Miaka sita naongeza ile ya zamani. Niache nishone mpya."

Darasa la saba mwaka ule lilikuwa ndilo lile lile, watoto wake wa kwanza, na Tunu sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye wa kwanza darasani. Tunu akataka kumfundisha mwalimu wake. Lakini waraka ulikuwa wazi: ni marufuku mdogo kumfunza mkubwa, kwani huko ni kuupindua Mpango. Basi kila alasiri Tunu alikuwa anakuja kwa Bi Mwantumu mshono wa mkono wa blauzi umefumuka.

"Umechanika tena?" Bi Mwantumu anauliza.

"Umechanika, bibi." Aliuchana mwenyewe njiani. Na mshono ukirudishwa, yeye na Zaituni wanachora mchangani.

"Mwalimu, kwanza tafuta kigawe kidogo cha shirika," anasema Tunu kwa adabu, macho chini, asije akamwaibisha.

"Nilikuwa nakijua," anasema Zaituni. "Tunu, wallahi, nilikuwa nakijua kuliko mtu yeyote."

"Najua, Mwalimu. Tuanze tena."

Zilikuwa alasiri kumi na tisa. Miaka sita haijazwi kwa alasiri kumi na tisa, hata zingekuwa ndefu namna gani.

*

Siku ya mtihani walisimamisha hema nje, bendi ikaja, utepe ukafungwa kwenye dawati la Zaituni ukakatwa. Mheshimiwa Makeke alihutubia saa moja na dakika kumi juu ya thamani ya muda, kisha akakaa kwenye kochi lake hemani, usingizi ukamchukua. Bi Mwantumu alikuwa amesimama kwenye jua nje ya uzio, na ile sketi ya buluu imekunjwa ndani ya khanga. Bwana Hizza akagawa karatasi. Alipofika kwa Zaituni akaiweka yake taratibu kuliko za wengine wote.

Zaituni alikunja magoti upande, maana dawati lilikuwa dogo. Akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri, ule wa kuandikia ukutani. Akageuza karatasi.

*Swali la kwanza. Theluthi mbili ya walimu wa wilaya walikwenda kuandika ripoti. Robo ya waliobaki wakawafuata. Ikiwa waliosalia ni kumi na wanane, walimu wote walikuwa wangapi?*

Wakati ule, ana miaka kumi na tatu, swali hili angelimaliza kabla hujafunga kinywa. Alijua kwamba alilijua. Alipaona mahali ilipokuwa njia ya kulifanya, na pamebaki peupe. Akaandika theluthi, akafuta. Akachora duara, akaligawa. Akasema moyoni nitalirudia, akaenda la pili, likamwuliza mikoa ambayo hajapata kuisikia. La tatu lilimtaka aeleze ushujaa wa mtu aliyefundishwa yeye kuwa msaliti. Penseli zote chumbani zilikuwa zinakwenda, mia moja arubaini na kitu, na kila mkono ulioshika penseli zile ni yeye aliyeukalisha vidole, kimoja kimoja.

Muda ukapita. Akageuza karatasi nyuma, akageuza mbele. Nje mama yake alikuwa amehamia upande mwingine wa uzio, apate kuona dirishani.

Ndipo aliposikia mkwaruzo mdogo upande wa kushoto. Tunu alikuwa ameisogeza karatasi yake mpaka ukingoni mwa dawati, ameielekeza kwake. Majibu yote yalionekana, kwa mwandiko ule ule wa Zaituni, herufi za mviringo, namba zimekaa sawa. Sabini na wawili. Mikoa kumi na minne, mmoja mmoja. Bwana Hizza aliona. Alivua miwani, akageukia ukutani, akaanza kuifuta.

Zaituni alikuwa na nafasi ya kuandika yote. Mto ulikuwa pale, na karatasi ile ilikuwa mtumbwi. Aliyatazama yale majibu, kisha akamtazama mtoto, uso umemsawijika kwa woga, hajawahi kufanya jambo hilo tangu azaliwe.

"Funika karatasi yako, Tunu," alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, hutavuka."

"Funika, mwanangu. Andika yako."

Tunu alifunika kwa kiwiko, akainama, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kilio kile cha zamani, safari hii bila sauti. Zaituni alitaka kunyoosha mkono amshike, lakini mtihani ulikuwa unaendelea. Akarudi kwenye swali la kwanza, akalisoma tena taratibu, kila neno, bila kukosea hata moja, na jibu hakulijua.